Buster Keaton Hakuuawa na Sauti

Kila panapozungumzwa filamu za vichekesho vya zamani, hadithi moja hurudi. Wachekeshaji wakubwa wa enzi ya filamu bubu walikuwa mabingwa wa mwili, walichekesha kwa kuanguka, kukimbia na kukunja uso. Tarehe 6 Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ikaonyesha The Jazz Singer jijini New York, watu wakasikia mwigizaji akiimba na kusema kutoka kwenye pazia la sinema, na ndani ya miaka michache mabingwa wale wakafutika. Mfano unaotangulizwa ni Buster Keaton. Mwaka 1926 alikuwa kileleni. Mwaka 1933 alikuwa amefukuzwa kazi, ndoa imevunjika, pombe imemtawala. Basi husemwa kwamba sauti ilimpita, wakati ulimtupa mkono, na yaliyompata yangempata yeyote.

Naikataa hadithi hii yote, mwanzo hadi mwisho. Kilichomwangusha Keaton kina tarehe na sahihi: ni mkataba wa Januari 1928. Wanaoendelea kuilaumu sauti wanawaondolea lawama watu waliofanya uamuzi unaojulikana, na wanamvunjia heshima msanii aliyekuwa na uwezo kamili wa kuendelea.

Jibu limo katika namna alivyofanya kazi kabla ya mkataba ule. Mwaka 1920 mtayarishaji Joseph Schenck alimkabidhi studio ndogo mjini Los Angeles, ambayo mchekeshaji Charlie Chaplin aliwahi kuitumia, kisha akamwacha afanye kazi. Schenck alitafuta fedha, Keaton akatengeneza filamu. Hapakuwa na muswada uliokamilika. Yeye na wenzake, akina Clyde Bruckman, Jean Havez na Joseph Mitchell, walitafuta kwanza mwanzo mzuri wa kisa na mwisho mzuri. Katikati palijazwa kamera ikiwa tayari inafanya kazi. Wakikwama waliacha kila kitu wakaenda kucheza besiboli mpaka mmoja wao apate wazo. Fundi wao, Fred Gabourie, aliweza kujenga chochote walichokiota, iwe nyumba inayozunguka katikati ya dhoruba au daraja la kuchomwa moto.

Kwa utaratibu huo zilizaliwa One Week, Sherlock Jr., The Navigator, Seven Chances na The General. Kwa ajili ya The General, iliyopigwa Cottage Grove, Oregon, mwaka 1926, aliliingiza garimoshi halisi juu ya daraja linalowaka, likaporomoka lote mtoni. Inasemekana tukio hilo moja liligharimu dola 42,000, na hapakuwa na nafasi ya kulirudia. Katika Steamboat Bill, Jr. ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anabaki hai kwa sababu amesimama palepale dirisha lililo wazi linapotua. Si hila ya kamera. Ni ukuta wa kweli, mzito wa kuua, na mtu aliyepiga hesabu ya mahali pa kuweka miguu yake. Mtu wa namna hiyo hategemei kipaji cha kuanguka tu. Ni mhandisi, ni mwongozaji, na anahitaji muda, mafundi wake, na ruhusa ya kubadili mawazo asubuhi ya siku ya kazi.

Ruhusa hiyo ndiyo aliyoiuza. The General haikurudisha fedha zake, na Schenck akaona biashara ya filamu za Keaton haimlipi tena. Akamshauri ahamie Metro-Goldwyn-Mayer, ambako ndugu yake Nicholas Schenck aliongoza kampuni mama. Chaplin alimwonya. Mchekeshaji mwenzao Harold Lloyd alimwonya. Wote wawili walimiliki kazi zao na walijua thamani ya kumiliki. Keaton akasaini hata hivyo, kwa mshahara unaotajwa kuwa dola 3,000 kwa wiki, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1960 aliiita hatua hiyo kosa baya kuliko yote aliyowahi kufanya. Aliyeumia mwenyewe ametaja kilichomuumiza. Sisi tuliokuja baadaye ndio tunaomsahihisha na kumwambia kwamba alidhurika na kipaza sauti.

Itazame tarehe hiyo ya Januari 1928. Wakati Keaton anasaini, MGM ilikuwa haijatoa hata filamu moja ya kusema. Aliwekwa chini ya mikono miwili migeni: ya msimamizi wa uzalishaji, Lawrence Weingarten, na ya idara ya miswada iliyotaka kila tukio liandikwe, lipitishwe na lipangiwe gharama kabla ya kamera kufunguliwa. Kikundi chake kilitawanywa. Michezo ya hatari ilizuiwa, kwa kuwa sasa mwili wake ulikuwa mali ya kampuni.

Filamu ya kwanza chini ya mkataba huo, The Cameraman, ni nzuri sana, na sababu ya uzuri wake inafahamika. Kazi ilianza katika mitaa ya New York kwa kufuata muswada mzito. Umati ukamzonga Keaton kila alipotokeza. Akamshawishi mkuu wa uzalishaji, Irving Thalberg, aiache sehemu kubwa ya muswada huo na amruhusu arudi California kufanya kazi kwa mtindo wake. Katika filamu hiyo akabuni yale mandhari mawili ambayo kila aliyeiona huyakumbuka: uwanja mtupu wa Yankee Stadium anamocheza besiboli peke yake, na chumba kidogo cha kubadilishia nguo ambamo yeye na mtu mwingine wanagombea nafasi ya kuvua suruali. Alipopewa pumzi kidogo, alifanya maajabu hata ndani ya MGM.

Kisha ikaja Spite Marriage mwaka 1929. Hii nayo ni filamu bubu, ikiwa na muziki na milio iliyoongezwa tu. Mwongozaji ni yuleyule, Edward Sedgwick, na Keaton ni yuleyule mwenye umri wa miaka 33. Lakini pumzi ile haipo tena. Kisa kimebanwa, vituko vinakuja kwa zamu kama karani anavyoita majina. Tukio lililo bora humo, la kumlaza kitandani bibi harusi aliyelewa chakari, Weingarten alitaka likatwe, na Keaton akalazimika kulipigania. Kwa miaka mingi baadaye alilirudia jukwaani na mkewe Eleanor, hadi Paris, na watu wakavunjika mbavu. Hapo ndipo hadithi ya sauti inapovunjika: kushuka kwa Keaton kulianza katika filamu isiyo na neno lolote la kusemwa. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alitaka Spite Marriage iwe ya kusema. Kampuni ndiyo iliyomkatalia.

Kwa nini aogope kusema? Alizaliwa mwaka 1895 katika familia ya wasanii wa jukwaani, akapandishwa jukwaani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, akaishi humo mpaka mwaka 1917. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, iliyoufaa kabisa uso wake usiotabasamu. Sauti nyembamba ya kuchekwa ambayo watu huidhani wanapoisikia hadithi hii haikuwa yake. Katika Doughboys ya mwaka 1930, filamu ya sauti ya MGM aliyoipenda kuliko nyingine zake, kuna mahali anaimba na kupiga ukulele na Cliff Edwards. Anafurahi na anatufurahisha, na mdundo wake uko sahihi. Huyo si mtu anayekimbiwa na wakati.

Ubaya wa filamu zake nyingine za MGM uko mahali pengine kabisa. Katika Free and Easy ya mwaka huohuo anaitwa Elmer, mshamba anayeandamana na binti mrembo kwenda Hollywood. Keaton wa zamani alikuwa mtu mdogo anayekabiliana na garimoshi, kimbunga au jeshi zima, na akili yake ndiyo iliyomwokoa. Elmer ni bwege. Mambo humpata, hayatendi. Mwishoni wanampaka rangi usoni, wanamvika mavazi ya sarakasi na kumchezesha kwa kamba kama karagosi, na msichana anachukuliwa na mwingine. Waandishi wa kampuni waliamini kichekesho ni maneno mengi na mtu wa kuhurumiwa. Baadaye wakamfunga pingu moja na Jimmy Durante, msemaji asiyekauka mdomo, katika filamu tatu za mwisho, na katika What! No Beer? ya mwaka 1933 ulevi wa Keaton unaonekana waziwazi kwenye picha. Mwaka huohuo mkuu wa studio ya MGM, Louis B. Mayer, akamfukuza.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji wa hadithi ya sauti hawapendi kulitaja: filamu hizo mbovu ziliuza. Watazamaji wa mwaka 1930 na 1931 hawakumkimbia Keaton aliposema. Walijaa kumsikia, na baadhi ya filamu alizozichukia zilileta faida ambayo The General haikuileta. Ingekuwa sauti ndiyo iliyomwangusha, mauzo yangeporomoka siku alipofumbua kinywa. Kilichoporomoka ni moyo wake. Faida hiyohiyo ndiyo iliyomziba mdomo, maana kila alipolalamika kwamba kisa ni kibovu alionyeshwa hesabu za mapato.

Lakini kesi ya mtu mmoja haitoshi, kwa hiyo tumwite shahidi mwingine. Stan Laurel na Oliver Hardy walikuwa wachekeshaji wa filamu bubu. Mwaka 1929 walifanya filamu yao ya kwanza ya kusema, Unaccustomed As We Are, na hawakutetereka. Waliitumia sauti kwa werevu wa ajabu: mlango unafungwa, mtu anatoka machoni petu, kisha tunausikia tu mshindo na vyombo vikivunjika, na kicheko kinakuwa kikubwa kuliko kama tungeona. The Music Box ya mwaka 1932, wanamopandisha piano ngazi ndefu, ilipata Oscar ya filamu fupi ya kuchekesha. Jaribu kuitazama bila sauti. Mlio wa nyuzi za piano ile kila inapoteremka kwa kishindo ni nusu ya kicheko.

Je, hawakuanguka? Walianguka, ila miaka zaidi ya kumi baada ya sauti kuja. Walikuwa wakifanya kazi kwenye studio ya Hal Roach, ambako Laurel alibuni vituko, akakaa na mhariri, akaongoza bila jina lake kuandikwa. Mwaka 1941 wakaenda 20th Century Fox, studio kubwa, yenye miswada iliyopitishwa na wakubwa. Laurel akaambiwa kazi yake ni kuigiza. Zikafuata filamu sita ambazo hata wapenzi wao wakubwa huzitazama kwa uchungu. Watu walikuwa walewale, na sauti zilikuwa zilezile ambazo dunia ilikuwa imezizoea. Walichokipoteza ni kilekile alichokipoteza Keaton.

Na lipo jambo linaloikata hoja ya wapinzani wangu. Kwa miaka mingi filamu za Roach zilisambazwa na nani? Na MGM. Kampuni ileile, katika miaka ileile, iliuza kwa mkono mmoja vichekesho vya sauti vya Laurel na Hardy vilivyotengenezwa kwa uhuru nje ya malango yake, na kwa mkono wa pili ikamkaba Keaton ndani ya malango hayo. Tofauti ilikuwa nani anaamua.

Ndugu wa Marx nao washuhudie. Harpo hakusema neno katika filamu zao. Alijipatia umaarufu wa dunia kuanzia mwaka 1929, yaani sauti ilipokuwa inashika hatamu, kwa kuchekesha kwa macho, honi na makoti yenye mifuko isiyokwisha. Kama sauti ilikuja kuua kichekesho cha mwili, ilimsahau vipi Harpo? MGM hiyohiyo, kabla ya A Night at the Opera ya mwaka 1935, iliwaruhusu kwa uamuzi wa Thalberg kuzunguka na vituko vyao katika kumbi za maonyesho ili wapime kicheko mbele ya watu kabla ya kupiga picha. Kampuni ilijua kumpa mchekeshaji nafasi ilipotaka. Keaton hakupewa.

Chaplin anajulikana. Alimiliki studio, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa United Artists mwaka 1919. Akatoa City Lights mwaka 1931 bila mazungumzo, sauti ikiwa imekwishatawala, na kumbi zikajaa. Akaongeza Modern Times mwaka 1936. Mwaka 1940 akaamua kusema, katika The Great Dictator, na hakuna filamu yake iliyowahi kuingiza fedha nyingi kuliko hiyo. Alinyamaza alipotaka na akasema alipotaka. Haki hiyo ya kuamua ndiyo ninayoizungumzia.

Wapinzani wana hoja za kweli, na sitazikwepa. Ni kweli kwamba miaka ya 1928 na 1929 kamera zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usinaswe, na waigizaji wakagandishwa karibu na kipaza sauti kilichofichwa kwenye chombo cha maua au nyuma ya simu. Ni kweli pia kwamba sauti ililazimisha mwendo mmoja wa picha 24 kwa sekunde, ilhali mpigapicha wa zamani aliweza kuzungusha mkono polepole ili watu waonekane wakikimbia kwa kasi ya kichaa. Hasara hiyo ilikuwepo. Lakini vibanda vilitoweka ndani ya miaka michache, na mandhari yasiyo na maneno yaliendelea kupigwa kimya na kuwekewa milio baadaye. Tatizo la ufundi la miaka miwili haliwezi kueleza maisha ya mtu yaliyoharibika kwa miaka saba.

Wengine watamtaja mchekeshaji Raymond Griffith. Huyo nawapa. Mishipa ya sauti yake ilikuwa imeharibika, hakuweza kuzidi mnong'ono, na sauti ilimmaliza kweli kama mwigizaji. Akaonekana mara ya mwisho kama askari Mfaransa anayekufa kimya katika All Quiet on the Western Front ya mwaka 1930, kisha akawa mtayarishaji. Ni mmoja. Harry Langdon, ambaye huorodheshwa naye, alikuwa amekwishaanguka mwaka 1928 na kampuni ya First National imemwacha, filamu zake za mwisho pale zikiwa bubu zote. Langdon alikuwa na uhuru na akautumia vibaya, na sisemi kwamba uhuru humhakikishia mtu ubora. Nasema kwamba sauti haikuhusika.

Harold Lloyd ndiye mgumu zaidi, kwa sababu alimiliki kampuni yake na bado nyota yake ilififia. Ila haikufifia kwa kusema. Filamu yake ya kwanza ya sauti, Welcome Danger ya mwaka 1929, ilivuta watu wengi mno. Kilichochakaa ni mhusika wake, kijana wa miwani anayepanda ngazi za mafanikio kwa bidii na bahati. Kijana huyo aliipendeza Marekani ya miaka ya 1920. Baada ya mwaka 1929, watu wakipanga foleni za mkate, nani angemwamini? Na Lloyd mwenyewe alikuwa anaingia miaka arobaini. Akapunguza kazi, akastaafu tajiri. Sioni janga hapo.

Hoja nzito kuliko zote ni ya fedha. Husemwa kwamba sauti ilihitaji mitambo ya bei kubwa, mikopo ya benki na kumbi mpya, hivyo ikaziua studio ndogo na kuwasukuma wachekeshaji mikononi mwa makampuni. Kwa mwendo wa jumla hilo lina ukweli. Kwa Keaton halina. Makampuni yalikuwa yakimezana kabla ya sauti, na MGM yenyewe ilizaliwa mwaka 1924 kwa muungano wa kampuni tatu. Schenck alimhamisha kwa sababu ya hasara ya filamu bubu, na mlango wa studio yake ulifungwa kabla hajasimama mbele ya kipaza sauti hata mara moja.

Basi hadithi ya sauti imedumu kwa nini? Kwa sababu imesimuliwa na sinema yenyewe, na kwa uzuri mkubwa. Sunset Boulevard ya mwaka 1950 ilimkalisha Keaton mezani akicheza karata miongoni mwa nyota waliosahauliwa, na sura yake hiyo ya sekunde chache ikabaki vichwani. Miaka miwili baadaye ikaja Singin' in the Rain, ambamo nyota wa filamu bubu anaporomoka siku watu wanaposikia sauti yake mbaya. Ni filamu ninayoipenda. Lakini aliyeitengeneza ni MGM, kampuni ileile, na funzo linalobaki kwa mtazamaji ni kwamba waliopotea walipotezwa na koo zao. The Artist ya mwaka 2011 ikaipamba hadithi hiyo upya na kutunukiwa Oscar ya filamu bora.

Wakati huohuo Keaton halisi alikuwa hai na kazini. MGM ilimrudisha kwa mshahara mdogo awabunie vituko wachekeshaji wengine, wakiwemo Ndugu wa Marx na Red Skelton, katika filamu za sauti. Yaani walikubali kwamba akili yake ilikuwa ya thamani katika enzi ya sauti, ila hawakutaka aiamuru. Mwaka 1936, katika Grand Slam Opera, filamu fupi ya bei rahisi nje ya studio kubwa, alipopata kushika kalamu tena, alicheza, akasema na kukejeli mashindano ya redio kwa uhai uleule wa zamani. Na aliyekua akimtazama mchekeshaji Mfaransa Jacques Tati, au hata Mr. Bean aliyeingia sebuleni mwetu kupitia runinga, anajua kwamba kichekesho cha mwili hakijawahi kufa. Tati aliitumia sauti kama chombo cha kuchekeshea: mlango wa hoteli unaolia kila unapofunguliwa katika filamu ya likizo za Bwana Hulot ya mwaka 1953 ni mchekeshaji kamili.

Hukumu hii ina uzito hata leo. Kila msanii anapoharibikiwa tunapenda kusema zama zimebadilika, watu wanataka vitu vipya, teknolojia imekuja. Mara nyingi kuna mtu aliyekata bajeti, mtu aliyebadili muswada, mtu aliyesema hapana. Watu hao wana majina, na historia ikiwataja inatenda haki.

Filamu bubu za Keaton hazina tena mwenye hakimiliki nchini Marekani, na ni rahisi kuzipata kwenye intaneti. Tazama The Cameraman, kisha Spite Marriage, zote bubu, zimepishana kwa chini ya mwaka mmoja, uone kushuka kulianza wapi. Halafu tafuta The Music Box na Grand Slam Opera, uzisikilize. Baada ya hapo, ukimsikia mtu anasema Buster Keaton alimalizwa na sauti, usiliache neno hilo lipite.